Sulochana na Mwaka Wake wa Kunyamaza

Kule kwetu Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi, sinema nilianza kuzijua katika kibanda cha video. Kibanda chenyewe cha miti, kimezungushiwa turubai, jenereta linanguruma nje, na sisi watoto tumebanana chini kwenye jamvi. Picha za Kihindi ndizo tulizozipenda kupita zote. Kihindi hakuna aliyekijua. Lakini muulize yeyote aliyetoka mle ndani, atakusimulia kisa mwanzo hadi mwisho: stelingi nani, adui nani, mama analia nini, kwa nini binti kakataa kuolewa. Tulikuwa tunasoma macho na mikono. Mpaka zilipokuja zile zenye sauti ya Lufufu akitafsiri kwa Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe, ndipo tukagundua kumbe mengi tulikuwa tumeyatunga wenyewe vichwani. Rafiki yangu mmoja alikasirika kweli. Alisema hadithi aliyokuwa ameielewa yeye ilikuwa tamu zaidi.

Nimeyakumbuka hayo majuzi nilipokuwa nikisoma habari za mwigizaji mmoja wa Bombay aliyeitwa Sulochana. Usijisumbue, msomaji, kumuuliza mama yako kama anamjua, maana huyu alianza kucheza sinema mwaka 1925, siku ambazo sinema zilikuwa bubu. Lakini kisa chake kimenikaa kooni. Ni mtu aliyefika juu kabisa bila watazamaji wake kusikia hata neno lake moja, kisha siku moja akaambiwa: haya, sasa sema.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ruby Myers. Alizaliwa Pune mwaka 1907, katika jamii ya Wayahudi wa India wenye asili ya Baghdad. Kabla ya sinema alikuwa opareta wa simu. Hebu lishike hilo, kwa sababu mimi ndilo lililonifanya nicheke peke yangu kama mwehu: kazi yake ya kwanza watu walimsikia wasimwone, na kazi yake ya pili watu walimwona wasimsikie.

Aliyemtoa kwenye simu ni Mohan Bhavnani, mtengeneza filamu wa kampuni ya Kohinoor. Alipomtaka aje acheze, binti alikataa. Na alikuwa na haki ya kukataa. Katika India ya wakati ule mwanamke kujionyesha kwenye sinema ilikuwa fedheha, kiasi kwamba Dadasaheb Phalke alipotengeneza filamu yake ya Raja Harishchandra mwaka 1913 nafasi ya malkia ilichezwa na mwanamume, Salunke. Sidhani kama sisi tuna ubavu wa kuwacheka Wahindi kwa hilo. Hapa kwetu bado yupo mzazi atakayekesha akilia kwa kusikia tu binti yake kajiunga na kundi la maigizo. Basi, Bhavnani akang'ang'ania, binti akalegea, na jina la Ruby Myers likawekwa kabatini. Akapewa jina la Kihindi, Sulochana, yaani mwenye macho mazuri. Waliompa jina hilo walijua wanachouza.

Na macho yaliuzika! Mwaka 1926 alitoka katika filamu za Cinema Queen na Typist Girl. Mwaka 1927 akacheza Wildcat of Bombay, yaani Paka-mwitu wa Bombay, na humo peke yake alijigeuza watu wanane: mtunza bustani, polisi, bwana mmoja wa Hyderabad, mtoto wa mitaani, mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, na wengineo. Fikiria mwenyewe. Mwanamke mmoja anacheza polisi na bwana mkubwa katika nchi ambayo miaka kumi na minne tu nyuma mwanamume ndiye alichezeshwa umalkia. Kisha akahamia kampuni ya Imperial ya Ardeshir Irani, na hapo zikafuatana zile zilizomfanya awe jina la kila nyumba: Madhuri na Anarkali mwaka 1928, na Indira B.A. mwaka 1929. Umaarufu wake ulikuwa wa ajabu. Kuna filamu fupi iliyomwonyesha Mahatma Gandhi akifungua maonyesho ya khadi, vitambaa vya kusokotwa kwa mkono. Waliokuwa wakiionyesha waliona Gandhi peke yake hatoshi, wakaichanganya na ngoma aliyoicheza Sulochana katika Madhuri, ikatiwa na sauti za kunogesha. Sijui Mahatma alilichukuliaje jambo hilo.

Sasa hapa nitulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. India ina lugha nyingi mno. Sinema bubu haikuwa na tatizo nazo. Maneno yaliandikwa kwenye vibao katikati ya picha, mara nyingi kwa lugha zaidi ya moja, Kiingereza, Kigujarati, Kihindi, Kiurdu, na ukumbini anayejua kusoma akawasomea wasiojua kwa sauti. Kwa hiyo binti wa Kiyahudi aliyelelewa kwa Kiingereza aliweza kuwa Anarkali, yule mchezaji ngoma wa jumba la mfalme Akbar ambaye hadithi inasema alizikwa hai ukutani kwa kosa la kupendwa na mwana wa mfalme. Nani angemuuliza lafudhi? Sauti ya Anarkali alikuwa nayo mtazamaji mwenyewe kichwani, na kila mmoja alimsikia katika lugha ya mama yake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu kibandani Kipatimu. Siku zote nilikuwa naona aibu kukiri kwamba sikuelewa maneno ya picha zile. Kumbe tulikuwa tunaangalia jinsi baba zao Wahindi walivyoangalia.

Mwaka huohuo wa 1928, wakati Anarkali bubu inatengenezwa Bombay, mwanamke mwingine alishuka katika mji huohuo akitokea Zanzibar. Huyo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri za His Master's Voice. Aliyesoma Wasifu wa Siti Binti Saad alioandika Shaaban Robert anakumbuka jinsi mama wa watu alivyosimangwa kwamba sura hana, ila sauti tu. Sidai kwamba wawili hao walikutana. Nasema tu kwamba katika mji mmoja na mwaka mmoja, mmoja alilipwa kwa sauti ambayo wasikilizaji wake wengi hawakumwona mwenyewe akiitoa, na mwingine kwa uso ambao watazamaji wake hawakuusikia ukitamka kitu. Ukiwaunganisha unapata mcheza sinema mmoja kamili wa miaka iliyofuata.

Na miaka hiyo haikukawia. Marekani walikwisha kuonyesha The Jazz Singer tangu 1927, sinema inayosema na kuimba. Ardeshir Irani akaamua Imperial iwe ya kwanza India. Filamu ikaitwa Alam Ara. Shida walizozipata zinachekesha kuzisoma sasa. Studio ilikuwa karibu na njia ya reli, na treni ikipita basi yote yaliyosemwa yameharibika; ikabidi wapige picha usiku wa manane, treni zikishapungua. Vinasa sauti vilifichwa huku na huko karibu na waigizaji visionekane. Ilipotoka tarehe 14 Machi 1931 katika ukumbi wa Majestic, Bombay, watu walijaa mpaka polisi wakaitwa. Ilikuwa na nyimbo saba. Filamu yenyewe leo haipo tena, hakuna nakala iliyosalia popote, imebaki habari yake na picha chache tu za mnato.

Nafasi ya Alam Ara mwenyewe ingekuwa ya nani kama si ya Sulochana, nyota mkuu wa kampuni? Lakini Kihindustani chake kilikuwa hakifai. Irani akamchagua Zubeida. Inasimuliwa kwamba Sulochana alilia.

Zubeida simlaumu, na wala si mgeni kwetu kabisa. Mama yake, Fatma Begum, alitokea kwenye maigizo ya jukwaani ya Kiurdu, akacheza sinema bubu, tena mwaka 1926 akaongoza filamu yake mwenyewe, Bulbul-e-Paristan, akiwa mwanamke wa kwanza India kufanya hivyo. Binti kama huyo maneno aliyanyonya. Na baba yake inasemekana ni Nawabu wa Sachin, nchi ndogo karibu na Surat iliyotawaliwa na ukoo wa Kisidi, yaani watu wenye asili ya Afrika waliopanda daraja huko India mpaka wakawa watawala. Kama yanayosemwa ni kweli, basi mwanamke wa kwanza kusikika katika sinema ya Kihindi alikuwa na damu iliyowahi kuvuka bahari hii hii inayopiga Kilwa Kivinje. Wenzangu mnaotafuta hadithi ya riwaya, hiyo hapo, chukueni. Mimi nina yangu.

Kuna jambo moja katika Alam Ara nimeligeuza kichwani wiki nzima. Mwanamume mkuu wa filamu hiyo alikuwa Master Vithal, bingwa wa picha za mapigano, aliyependwa kiasi kwamba kampuni yake ya zamani ilimshitaki kwa kuhama, akatetewa mahakamani na Muhammad Ali Jinnah, huyo huyo aliyekuja kuiasisi Pakistan. Vithal naye Kihindustani kilimpiga chenga. Alikuwa mtu wa Kimarathi. Basi wakafanyaje? Walimwekea hali ya kuwa kama amelogwa, kapumbazika, ili sehemu kubwa ya filamu asiwe na la kusema! Kwa maneno mengine, mwanamume asiyejua lugha alilazwa usingizi akaendelea kuwa stelingi. Mwanamke asiyejua lugha akaondolewa. Filamu moja, kampuni moja, kosa moja. Sijasoma mahali popote ambapo mtu ameyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, na labda nakosea kuyaweka, lakini siwezi kuyatenganisha.

Baada ya hapo Sulochana alikaa mwaka mzima bila kucheza. Alikuwa anajifunza Kihindustani.

Waandishi wa habari zake wanalipita jambo hilo kwa sentensi moja. Wanakimbilia mshahara wake na gari lake la Chevrolet. Mimi nimesimama hapo hapo kwenye ile sentensi moja. Mtu ana miaka ishirini na minne hivi, mji mzima unamjua, wanaume wanageuka shingo akipita, naye amerudi kukaa mbele ya mwalimu kama mtoto wa darasa la kwanza, anarudishwa rudishwa kwenye neno moja. Hakuna aibu ndogo hapo. Asiyejua kitu akijifunza, anasifiwa. Aliyekwisha kuwa mkubwa akijifunza, anachungulia mlangoni kwanza kama kuna mtu anamsikia.

Najua ninachokisema. Kiswahili mimi nilikikuta shuleni. Nyumbani kwetu ni Kimatumbi. Siku ya kwanza niliposimama mbele ya wenzangu mjini Dar es Salaam kusoma hadithi niliyoiandika mwenyewe, ulimi ulinisaliti kwenye herufi r, nikazigeuza zote kuwa l kama tunavyosema nyumbani. Watu walicheka. Si kwa ubaya, najua, lakini walicheka mahali ambapo mhusika wangu alikuwa anakufa. Kwenye karatasi herufi zilikuwa sahihi kabisa. Hadithi yangu ilikuwa nzuri ikiwa bubu. Kwa miezi kadhaa sikusoma tena mbele ya watu. Nilikuwa nasoma magazeti kwa sauti peke yangu chumbani, na jirani akadhani nimeokoka.

Kwa hiyo kurudi kwa Sulochana nilikusoma kwa shauku kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wake mwenyewe. Alirudi mwaka 1932 kwa Madhuri, ile ile ya zamani, safari hii inasema. Ikapokewa. Na hapo akafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la akili sana, hata kama ni kampuni iliyolipanga: alizirudia filamu zake za bubu moja baada ya nyingine, akiwa na sauti. Indira B.A. ilirudi mwaka 1934 ikiitwa Indira M.A. Niliposoma hapo nilipiga kofi mezani. Mwanamke aliyeondolewa kwa kukosa lugha anarudi na shahada ya juu zaidi kwenye jina la filamu! Sisi tulioishia kidato cha nne tunaielewa raha hiyo. Mwaka 1935 ikaja Anarkali ya kusema, na 1936 yule Paka wa Bombay akarudi kwa jina la Kihindi, Bambai ki Billi. Mwanamume wake katika filamu za miaka hiyo alikuwa D. Billimoria, ambaye toka 1933 hadi 1939 alicheza naye yeye tu. Mshahara wake ulifika rupia 5,000 kwa mwezi. Watu walisema anampita Gavana wa Bombay.

Wakati huohuo, huku kwetu Tanganyika, sinema na sauti zilikuwa bado zinatafutana. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha filamu Vugiri, kule Usambara, wakatengeneza picha za kuwafundisha Waafrika mambo ya kodi, safura, malaria na benki ya posta. Waafrika walizicheza bila kusikika, na maneno yakawekwa mbali kwenye santuri, yapigwe kwa lugha ya mahali ambapo gari la sinema limefika. Mwigizaji anafungua mdomo, sauti inatoka kwenye gramafoni, ya mtu mwingine. Ukiniuliza, hiyo ni historia inayosubiri kijana wa kuiandika vizuri.

Turudi kwa Sulochana. Sitasema uongo kwamba mambo yalimnyookea hadi mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1930 yeye na Billimoria waliachana, kwenye sinema na nje ya sinema, na kazi za wote wawili zikaporomoka. Wasichana wapya walikuwa wamekuja, na hao hawakuwa na mwaka wa kujifunza. Walikuja wanaongea na kuimba tayari. Akabaki na nafasi ndogondogo. Mwaka 1947 alionekana katika Jugnu, na Morarji Desai, aliyekuwa katika serikali ya jimbo la Bombay, akaipiga marufuku filamu hiyo. Moja ya makosa yaliyotajwa ni kwamba ilimwonyesha profesa mtu mzima akivutwa na mwalimu mwenzake mtu mzima, ambaye ndiye Sulochana. Akiwa kijana alitikisa mji kwa kupendwa, hakuna aliyemzuia. Akipendwa na miaka arobaini, ni utovu wa maadili! Wala hakuacha kazi. Mwaka 1973 alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, tuzo kubwa kuliko zote za sinema India, yenye jina la yule yule aliyemvisha mwanamume mavazi ya malkia. Alifariki mwaka 1983.

Lakini kabla ya tuzo kuna mwaka 1953, na huo nimeuweka mwisho kwa makusudi. Mwaka huo ilitengenezwa Anarkali nyingine, ya tatu kwake. Anarkali safari hii alikuwa Bina Rai, kijana, mzuri. Sulochana alipewa nafasi ya malkia, mama wa yule mwana wa mfalme. Yaani alikaa kwenye kiti akamtazama msichana mwingine akicheza ngoma ambazo yeye alizicheza mara mbili, mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili kwa lugha aliyoilipia mwaka mzima wa maisha yake.

Anarkali hiyo ipo, haikupotea kama Alam Ara. Nimeiangalia kwenye simu ya kuazima, usiku, sauti nimeifungua mpaka mwisho. Nyimbo nilizipisha. Nilikuwa namngojea mama. Alipofungua mdomo nilisogeza simu sikioni, nikamsikiliza, nikarudisha nyuma, nikamsikiliza tena. Kihindi sikijui, kwa hiyo sikuweza kusikia kosa lake hata moja.